Jina la Aliyechora

Pembeni mwa Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, Dar es Salaam, harufu ya rangi inakufikia kabla ya picha zenyewe. Ni rangi ya kopo, ile inayopakwa baiskeli na mageti. Wazee kwa vijana wamekaa kwenye viti vifupi, kila mmoja na fremu yake mapajani, na kuta zote zimejaa tembo, chui, samaki, mibuyu na akina mama waliojitwika mitungi. Safari hii niliamua iwe ya kutazama na kusikiliza tu: nianzie Dar, nivuke Unguja, nipande Nairobi, niteremke Mombasa, na kila nilipofika niulize swali moja. Aliyekitengeneza hiki anaitwa nani?

Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu. Tumezungukwa na michoro: kwenye nguo, kwenye magari, kwenye kuta za saluni, kwenye mabango ya maduka ya dawa. Tunacheza midundo ambayo hatujui imepikwa na nani. Mwandishi wa kitabu tunamjua kwa kuwa jina lake liko juu ya jalada. Fundi wa mchoro hatumjui, na wala hatuoni ajabu kutomjua.

Oysterbay jibu la haraka lipo. Muulize yeyote atakwambia, "Hizi ni Tingatinga." Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akiwa Dar es Salaam, kwenye vipande vya mraba vya bodi za kuezekea dari, kwa rangi za kopo zilizopatikana dukani. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliodhani wanafukuza wahalifu. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu miaka minne. Jamaa zake aliowafundisha, akiwemo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, wakaendelea nayo, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukazaliwa ushirika wao ambao mpaka leo uko pale pale.

Nilikaa karibu na mchoraji aliyekuwa akimalizia picha ya ndege. Rangi ya nyuma alikuwa ameipaka jana yake, buluu juu ikishuka taratibu hadi njano, na sasa ilikuwa imekauka. Hakuchora kwanza kwa penseli wala hakupima. Alianza na mwili mzima wa ndege kwa rangi moja nyeusi, bila jicho wala unyoya. Ulipokauka akaweka nyeupe juu ya nyeusi, mstari baada ya mstari, halafu nukta, na nukta hakuziweka kwa brashi bali kwa ncha ya kijiti alichokuwa akikichovya kwenye kifuniko cha kopo. Ukimtazama mkono utadhani ni kazi ya haraka. Ukizitazama nukta unaona zote ziko sawa, na nafasi kati yake ni sawa, kutoka shingoni hadi mkiani. Kwenye kona ya chini akatia jina lake kwa herufi ndogo.

Nikamuuliza, "Kaka, huu mtindo wa ndege wa shingo ndefu waliosukana ulianza na nani?" Akanitajia mzee mmoja bila kufikiri. Jirani yake akaongeza kwamba simba wa namna fulani ni wa fulani, na lile soko lenye watu wadogo wengi ni la fulani mwingine. Kumbe wenyewe wanajua. Mchoro unaopendwa na wateja unahama kutoka kiti hadi kiti, kila mtu ana ruhusa ya kuuchora, lakini kichwani mwao kila mchoro una mwenyewe. Kunakili pale si wizi, ni shule, na shule hiyo imelisha familia nyingi kwa zaidi ya nusu karne. Ninachosikitikia ni kwamba elimu hiyo yote inaishia pale kwenye viti. Mteja anaondoka na jina moja, la mtu aliyefariki mwaka 1972, na jina la kona ya chini linafunikwa na fremu.

Panda bodaboda hadi Manzese na Mburahati, jibu linageuka kabisa. Kule kuna singeli, na singeli haikuachi usahau jina. Kabla mdundo haujatulia tayari sauti imeshakutajia studio, imekutajia prodyuza, na katikati ya wimbo itakutajia tena.

Kwa asiyeujua, muziki huu umetoka kwenye ngoma za mitaani na kwenye mchiriku, ule wa kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika za tarumbeta hadi sauti ikapasuka kwa makusudi. Kundi la Jagwa Music liliupeleka mchiriku Ulaya, na albamu yao ya Bongo Hotheads ikatoka Ubelgiji mwaka 2012. Vijana waliofuata wakaingiza kompyuta. Kipande cha kinanda cha taarabu kinakatwa, kinazungushwa, kinaongezwa kasi hadi kinalia kama ndege. Mapigo yanavuka 200 kwa dakika, na mengine yanakaribia 300. Moyo wa mtu mzima ukipiga hivyo anapelekwa hospitali, lakini kwenye kigodoro, ile sherehe ya usiku ya mtaani, watu wanaucheza hadi alfajiri.

Chumba nilichoingia kilikuwa na kompyuta ya mezani, feni, spika mbili, na godoro lililoegemezwa dirishani kuzuia kelele. Prodyuza alikuwa akijenga mdundo kwa kubofya vijiboksi kwenye kioo, na kasi ya kazi yake ilikuwa ya kushangaza. Alipoweka sauti za makofi alizisogeza mbele kidogo ya pigo, kidogo mno, kisha akanisikilizisha mara mbili, kabla na baada. Kabla, wimbo ulikuwa unakwenda. Baada ya kusogeza ulikuwa unakimbia na kukuvuta mkono. Kasi si kuongeza namba tu. Ni ufundi wa kumfanya msikilizaji ahisi amechelewa, na mtu aliyekaa na godoro dirishani ameusomea ufundi huo mtaani kwa miaka.

Hapa niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata albamu za Bamba Pana mwaka 2018, Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na DJ Travella na Mr Mixondo yake mwaka 2022. Kwenye majalada hayo jina kubwa ni la aliyeupika mdundo. Mpenzi wa muziki wa Berlin akizungumzia singeli atakutajia hao. Mtu wa Tandale atakutajia Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, yaani wenye kipaza sauti. Muziki ni ule ule, mitaa ni ile ile, lakini umaarufu umegawanywa mara mbili, na kila upande unamfahamu nusu ya fundi. Ningependa redio zetu ziwe zinataja wote wawili, kama anavyotajwa mwimbaji na bendi yake.

Dar ina mtu mmoja ambaye jina lake na mchoro wake vimekuwa kitu kimoja, mchora katuni Masoud Kipanya. Kijipanya chake kinachosema yale ambayo kichwa cha habari kimeyameza kinatafutwa na wasomaji kabla ya habari zenyewe. Mwaka 2022 akajitokeza na gari dogo la umeme lililoundwa hapa hapa nchini, na watu hawakushangaa sana. Mtu ambaye kwa miaka na miaka ameamua mstari upite wapi na usipite wapi, kubuni gari ni hatua inayofuata.

Kutoka Dar kwenda Unguja boti inachukua kama saa mbili. Mji Mkongwe ulikuwa na joto la kukata pumzi, na nilipitisha mchana mzima ndani, kwa wenyeji wangu, tukisikiliza santuri moja: Siti of Unguja ya Siti Muharam, iliyotoka mwaka 2020. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kitukuu anaimba nyimbo za bibi huyo, lakini chini yake kuna besi nzito, clarinet inayoomboleza, na nafasi kubwa za ukimya ambazo taarabu ya kawaida haiziruhusu. Udi na kanuni vimo, havikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni umbali kati ya chombo na chombo. Unasikia pumzi ya mwimbaji, unasikia ukuta wa chumba. Mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyekulia kwenye taarabu za Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, alisikiliza wimbo wa kwanza amekunja uso. Wa pili akaanza kutikisa kichwa taratibu. Wa tatu akasema, "Huyu kamtia bibi yake nguo mpya, lakini kamwachia mwendo wake." Sijasoma popote uhakiki wa albamu ile uliosema vizuri kuliko hivyo.

Nikamuuliza kuhusu watunzi. Kwenye taarabu mashairi ndiyo roho, na ugomvi wa mitaa mizima umewahi kuchochewa na ubeti mmoja. Lakini noti zinapopelekwa jukwaani kumtuza mtu, anayetuzwa ni mwimbaji. Aliyeyatunga maneno yumkini amekaa nyuma kabisa ya ukumbi na kikombe chake cha kahawa. "Sisi wenyewe twamjua," mwenyeji wangu akanijibu. Ni jibu lile lile la Oysterbay. Na kila aliyesema "twamjua" alikuwa mtu wa umri mkubwa.

Nairobi unaingia kwa macho. Nilishuka basi la Namanga asubuhi, na kabla sijavuka barabara likanipita gari la abiria la kwenda Rongai, matatu iliyochorwa kuanzia bampa la mbele hadi ngazi ya nyuma. Uso wa mwanamuziki wa Marekani ubavu mmoja, mchezaji mpira ubavu wa pili, herufi za ukubwa wa mtoto, taa za zambarau chini ya mwili wa gari, na besi inayotikisa vioo vya duka. Wenyewe wanaliita nganya. Mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zote zililazimishwa kuwa na mstari wa njano, mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na michoro ikapigwa vita kwa miaka. Mstari wa njano haukuondoka. Ukitazama nganya ya leo kwa makini utauona umepita katikati ya mchoro, na mchoraji mzuri anautumia: anaufanya mkanda wa kiunoni, au upeo wa jua, au ukingo wa herufi. Sheria iliyokuja kufuta mchoro imemezwa na mchoro.

Kwenye gereji moja nilikuta basi jipya likiwa bado na rangi ya kwanza tu, vioo vimefunikwa kwa magazeti. Kijana mwenye barakoa ya kuzuia moshi wa rangi alikuwa juu ya pipa akipuliza kivuli chini ya shavu la picha. Alikuwa na picha yenyewe kwenye simu, ndogo kama kiganja, na uso aliokuwa akiuchora ulikuwa mrefu kuliko yeye. Alirudi nyuma hatua kumi, akatazama, akapanda tena. "Hii ikisonga barabarani watu wanaiona sekunde tatu," akaniambia. "Sasa kama macho haijakushika kwa hizo tatu, hiyo si kazi." Chini ya mlango wa nyuma aliandika jina lake la kazi na namba ya simu. Kati ya mafundi wote niliokutana nao, huyu ndiye aliyekuwa na sahihi iliyo wazi kuliko wote, na inasafiri mjini kutwa kucha. Kazi inayofuata inamjia kwa namba ile.

Nairobi hiyo hiyo imezaa kinyume cha kelele hizo. KMRU, ambaye ni Joseph Kamaru, hutembea na kinasa sauti akichukua milio ya mvua, ya nyaya za umeme, ya mtaa uliotulia, kisha huitandaza kwa dakika nyingi hadi inakuwa muziki. Peel, albamu yake ya mwaka 2020 iliyotolewa na Editions Mego ya Vienna, niliisikiliza usiku baada ya kutwa nzima ya honi za matatu, na mara ya kwanza nikasikia kwamba jokofu la chumba changu lina noti yake. Singeli inakukimbiza. KMRU anakusimamisha na kukutaka utege sikio. Lakini lililonigusa zaidi ni jambo la pembeni. Babu yake, Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kikuyu, na mjukuu amejitwika kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu, akizitaja kwa jina la mwenyewe na kuzifikisha kwa wasikilizaji wapya. Amelirithi jina, akalifupisha hadi herufi nne, na bado anahakikisha lile refu halipotei.

Kwa upande wa picha za ukutani nilipita haraka. Taasisi ya sanaa ya NCAI aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage mwaka 2020 inastahili makala yake peke yake. Armitage mwenyewe huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, na mashimo na mishono ya gome anaiacha ionekane. Nako Mukuru, kundi la wasanii la Wajukuu lilipeleka sura ya mabati ya mtaa wao hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta ya mwaka 2022, likajenga njia ya kuingilia ukumbini.

Halafu treni ya kwenda Mombasa, na Barabara ya Biashara.

Barabara hii ni fupi, na kanga zimening'inia pande zote mbili. Hapa ndipo swali langu lilipokuwa zito. Kanga ndiyo kazi ya usanifu iliyoenea kuliko zote tulizonazo pwani. Ina kanuni kali: mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, jina chini ya mji, na huuzwa doti, vipande viwili. Ndani ya kanuni hiyo mchoraji ana uhuru mdogo na kazi kubwa. Pindo lazima likutane kwenye kona bila kukatika. Mji lazima usomeke ukiwa umefungwa kiunoni na nusu yake imekunjwa. Rangi mara nyingi ni mbili au tatu tu, kwa hiyo nyeupe ya kitambaa yenyewe inafanyishwa kazi ya rangi ya nne. Nilinunua moja ya korosho: pindo la nukta zilizokuwa zikikua na kupungua, kila nukta imeachiwa ukingo mwembamba mweupe, na kwenye kona nne korosho moja moja imegeuzwa kuelekea katikati. Geuza korosho moja upande mwingine, kanga nzima inaharibika. Kuna mtu alikaa akalifikiria hilo.

Huyo mtu ni nani? Kwenye ukingo wa kanga nyingi huandikwa alama ya mfanyabiashara. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, "K.H.E. Mali ya Abdulla", ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu. Mwenye mali anajulikana kwa zaidi ya miaka mia. Maneno yanajulikana, tunayakariri, tunayarushiana. Kanga nilizozipindua duka baada ya duka hazikuwa na jina la mchoraji hata moja. Nikamuuliza muuzaji, mama mzee aliyekuwa akizikunja bila kuzitazama. "Bibi, hii aliichora nani?" Akanitazama kwa upole. "Aliyeichora simjui, mwanangu. Nimjuaye ni mwenye kuileta."

Mfano wa kinyume uko Uingereza. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na mwaka 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya nchi hiyo. Miongoni mwa kazi zake zimo picha zilizojengwa kwa muundo wa kanga: pindo, mji, maneno chini. Zinatundikwa kwenye makumbusho na jina lake liko ubavuni, na anastahili, kwa kuwa ameisoma kanga kwa heshima na macho makali. Lakini wale waliochora kanga alizojifunzia hawana ubavu wa kuandikwa.

Tofauti niliyoiona kati ya miji hii haiko kwenye kipaji. Kijana wa gereji ya Nairobi, prodyuza wa Mburahati, mchoraji wa Oysterbay na aliyeigeuza korosho kuelekea katikati wote wana jicho au sikio la daraja moja. Wawili wa kwanza wamehakikisha jina linakwenda na kazi, ndiyo maana kazi inawarudia. Wa tatu jina lake limefunikwa na fremu. Wa nne hana hata kona ya kuandika.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka na wenye viwanda vya kanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja: pale ukingoni, karibu na alama yenu, pana nafasi ya maneno mawili. Andikeni jina la aliyechora. Wanaosimamia redio wataje prodyuza pamoja na mwimbaji, na vyama vya taarabu viandike mtunzi kwenye kila rekodi, maana wanaosema "twamjua" wanazeeka. Nawe msomaji, siku ukinunua picha, doti ya kanga au albamu, uliza jina la fundi kabla hujauliza bei. Muuzaji akiulizwa na wateja kumi kwa wiki, atalitafuta.